"Nipe mji": kisa cha watoto watatu na barabara ya Dar hadi Iringa

Usuli

Familia hii inaishi Dar es Salaam. Kila Disemba hupanda gari kwenda Iringa kwa mama mzazi wa baba, safari ya kilomita kama 500. Watoto ni watatu: kifungua mimba ana miaka 10, wa kati ana 7, kitinda mimba ana 3. Gari ni la viti saba. Baba ndiye anayeendesha peke yake, kwa sababu mama bado hana leseni.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali. Mama alinisimulia habari hii Januari, shule zilipofunguliwa, na baadaye nikaketi na wazazi wote wawili tukaipitia hatua kwa hatua. Wameniruhusu niiandike. Majina sikuyaweka, na baadhi ya mambo madogo nimeyaondoa ili wasitambulike.

Nimeichagua kwa sababu ni safari mbili kwenye barabara ileile, watoto walewale, gari lilelile. Ya kwenda iliwashinda. Ya kurudi iliwaendea vizuri, ingawa si yote. Ni nadra mzazi kupata nafasi ya kulinganisha namna hiyo ndani ya wiki mbili.

Safari ya kwenda

Walipanga kuondoka saa 12 asubuhi, wakaondoka saa 3. Foleni ikawashika mpaka Kibaha, jua likiwa limeshapanda.

Mpango wa burudani ulikuwa mmoja: tableti moja kwa wadogo, na simu ya mama kwa kifungua mimba. Baba alinieleza sababu yake, na mimi naiheshimu: watoto wakitulia, dereva anatulia, na dereva akitulia wote wanafika. Kwa saa za mwanzo ilikuwa hivyo. Milima ya Uluguru ilijitokeza mbele yao, wakaipita, na hakuna mtoto aliyeinua kichwa.

Halafu mambo yakaanza kukatika moja moja. Katuni zilikuwa za mtandaoni, hawakuwa wamepakua hata moja, na mtandao ukawa unakuja na kuondoka. Chaji ya simu ikaisha. Kifungua mimba akageukia tableti, wa kati akakataa kuiachia. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara kuu inaikatiza kwa kilomita kama 50, mama aliona tembo watatu karibu kabisa na lami. Akaita, "Tembo, tembo, angalieni!" Watoto walipoinua macho, gari lilikuwa limeshapita. Kitinda mimba akalia akitaka warudi. Alilia mpaka Mikumi mjini.

Pale mjini ndipo lilipotokea jambo ambalo wazazi hawa walilisimulia kwa sauti ya chini. Tableti ilidondoka chini ya kiti. Wa kati akafungua mkanda, akainama kuitafuta. Baba akageuza kichwa kumwambia akae, na katika sekunde hizo gari likapanda tuta ambalo hakuliona. Mtoto akagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Alivimba tu, hakuumia zaidi. Kitinda mimba wakati huo alikuwa mbele, amepakatwa na mama, bila mkanda wake.

Kipande kilichobaki walikimaliza kwa kubembelezana. Walifika chini ya Kitonga, ule mlima wenye kona kali, giza limeingia. Kwenye zile kona wa kati alikuwa bado ameinamia katuni, tumboni ana chipsi na soda za Morogoro, akatapika. Siku hizi mifuko ya plastiki ya kubebea haipo garini kama zamani, tangu ilipopigwa marufuku mwaka 2019, na hawakuwa wamebeba chombo kingine chochote. Mama alivua khanga yake akakinga nayo. Waliingia kwa bibi saa 3 usiku.

Mama aliniambia jambo moja zaidi kuhusu siku ile. Swali la "Tumefika?" lilianza kabla ya Chalinze. Walilijibu "bado kidogo" kila lilipoulizwa, mpaka wa kati akawaambia, "Nyie mnasema uongo."

Maamuzi kabla ya kurudi

Bibi ndiye aliyeanzisha mazungumzo. Alikuwa anashuka nao Dar kutibiwa macho, kwa hiyo safari ilimhusu. Alipomsikia wa kati akisema hataki kupanda gari tena, hakumbembeleza. Alimwuliza, "Njiani ulipita miji gani?" Mtoto akataja Dar, akataja Iringa, basi. Bibi akamwambia mwanawe, "Baba, huyu mmembeba kama gunia. Gunia nalo halijui lilipo."

Neno hilo liliwaingia. Wakakaa jioni moja na kuamua mambo kadhaa, mengine makubwa, mengine madogo tu.

La kwanza, kuondoka saa 11 alfajiri, ili jua kali liwakute wameshakwenda mbali na wanyama wa Mikumi wawakute asubuhi.

La pili, watoto wapewe barabara yao. Kifungua mimba alichukua kipande cha boksi kirefu, akamwomba baba amtafutie umbali kwenye simu, akachora mstari wa sentimita 50 ukingoni: sentimita 1 ni kilomita 10. Akaandika miji: Ilula, Ruaha Mbuyuni, Mikumi, Doma, Morogoro, Mikese, Chalinze, Mlandizi, Kibaha. Ukingoni wakabana kibanio cha nguo cha mbao, wakakipaka wino mwekundu. Hicho ndicho gari lao. Boksi lilikaa nyuma ya kiti cha dereva, mbele ya macho ya watoto.

La tatu, kila mtoto apewe kazi. Kifungua mimba asogeze kibanio na kutangaza mji unaofuata. Wa kati agawe chakula na maji. Kitinda mimba alipewa mabasi: akiona basi, apige kelele "Basi!"

La nne, skrini isipigwe marufuku, ila iwe na mahali pake. Walipakua katuni mbili nyumbani kwa bibi na kukubaliana kwamba hazitaguswa mpaka Chalinze, kipande cha mwisho, wote wakiwa wamechoka na foleni ya kuingia mjini inawasubiri. Kwenye kona, hakuna mtu kuinamia chochote.

La tano lilikuwa gumu kuliko yote, nalo ni mikanda. Bibi alitaka kumpakata kitinda mimba, kama alivyowapakata wote waliomtangulia. Mama alikuwa anaogopa lakini hakuweza kumkatalia mama mkwe, akamwachia mumewe. Baba alimfuata bibi uwani, akapiga magoti, akasema: "Mama, mikono yako naiamini. Ila gari likisimama ghafla, hata mimi na nguvu zangu siwezi kumshika. Naomba umkalie pembeni, umshike mkono, mkanda umshike mwili." Bibi alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Haya. Lakini mkono wake ni wangu." Fundi wa mjini akawapatia kiti cha mtoto kilichotumika, wakakikagua mikanda yake mmoja mmoja kabla ya kukinunua.

Chakula walikibadilisha bila mjadala mrefu: mahindi ya kuchemsha, ndizi, karanga, maji. Soda hakuna. Na kopo kubwa la majarini lenye mfuniko likawekwa karibu na wa kati, endapo.

Safari ya kurudi

Giza lilikuwa bado halijaondoka walipopita Ilula. Watoto walilala mpaka karibu na mteremko wa Kitonga. Baba alisimama juu, wakashuka wakajinyoosha. Akawaambia kwamba anahitaji kimya mpaka chini, na kwamba kila mmoja ahesabu kona kwa vidole bila kusema neno. Nilimwuliza kama walifaulu. Alisema kimya kile hakijawahi kutokea ndani ya gari lake. Malori yalikuwa yanapanda upande wa pili yakiunguruma, na watoto wanakunja vidole wakiangalia mbele. Chini hesabu zao hazikulingana, wakabishana kwa raha mpaka Mbuyuni. Hakuna aliyetapika.

Bonde la mibuyu ndipo bibi alipochukua usukani wa maneno.

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Mzee wa bondeni, kitambi kikubwa, nywele chache."

Walitaja lori, wakataja kiboko, wakamtaja baba. Kisha wa kati akatazama dirishani na kuliona jibu limesimama. Kitinda mimba hakuelewa kitendawili, lakini alielewa pale bibi alipomwonyesha kwamba ule ubuyu mwekundu anaounyonya kila siku unatoka kwenye mti kama huu. Alinyamaza akiuangalia mmoja baada ya mwingine, na mama anasema ni mara ya kwanza safari nzima aliponyamaza kwa hiari yake.

Kilichofuata kinastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndicho kilichoishika safari yote. Wengi wetu tulikulia kanuni ya vitendawili: ukishindwa kutegua, mtegaji anasema "Nipe mji," nawe unampa mji, ndipo anakwambia jibu. Zamani tulitoa mji wowote uliokuja mdomoni. Bibi alipotega "Kuku wangu katagia miibani" na watoto wakashindwa, akaomba mji. Kifungua mimba akasema, "Nakupa Ilula." Bibi akakataa. "Ilula tumeshaiacha. Mji ulio nyuma yangu nitaufanyia nini? Nipe mji ulio mbele."

Wale wakubwa wawili wakainamia boksi kwa pamoja, sekunde chache tu. "Nakupa Mikumi!"

Bibi akaupokea. Hakukimbilia kusema nanasi. Alisimulia kwanza jinsi alivyowahi kulala Mikumi wakati basi lilipoharibika, akala wali wa mama mmoja ambaye hakumdai hata senti. Ndipo akatoa jibu. Tangu hapo miji ikawa mali. Ulipopitwa, haukuwa na thamani tena. Kifungua mimba alianza kuificha: alijua Doma na Mikese, wa kati hajui, na akawa anaziweka akiba. Wa kati alipogundua, akaanza kusoma vibao vya barabarani mwenyewe. Huyu ni mtoto ambaye mwalimu wake wa darasa la kwanza alikuwa amelalamika kwamba kusoma kunamchosha.

Ndani ya hifadhi walikwenda polepole, vioo vimefungwa kwa sababu ya nyani. Waliona twiga, pundamilia na swala wengi. Kifungua mimba alisoma kwa sauti mabango ya faini za kugonga wanyama, akauliza kwa nini twiga ana bei yake na swala yake. Baba alijibu kadiri alivyoweza. Lakini hapo pia palitokea ugomvi. Walikuwa wanashindana kuhesabu wanyama, na wa kati akawahesabu swala walewale mara mbili. Kaka yake akamcheka. Kilio kikazuka, na mchezo ukafa. Mama ndiye aliyeokoa kwa kusema hesabu iwe moja, ya gari zima, na kila mtu aongeze.

Morogoro walisimama dakika 40 kwenye kituo cha mafuta chenye uwanja mpana nyuma, mbali na magari. Wadogo walikimbia mpaka wakatoka jasho. Bibi alirudi garini akalala usingizi mzito, na bila bibi vitendawili havikuwa na ladha. Mama alijaribu kutega, akaambiwa, "Hivyo tunavijua." Kati ya Morogoro na Chalinze kitinda mimba alilia karibu nusu saa, mgongo umechoka na kiti, anataka kubebwa. Hawakumtoa. Mama alihamia nyuma waliposimama Mikese, akamwimbia, akamsugua miguu. Alilala kabla ya Chalinze.

Katuni zilifunguliwa Chalinze kama ilivyokubaliwa. Wa kati alitazama moja, kisha akaiacha, akamwomba kaka yake kibanio.

Matokeo

Waliingia nyumbani saa 10 jioni. Baba anasema alishuka bila kuumwa kichwa. "Tumefika?" liliulizwa mara mbili tu, zote na kitinda mimba. Hakuna aliyefungua mkanda gari likiwa linatembea. Kopo la majarini lilirudi tupu.

Uchambuzi

Nianze na kile ninachoamini kilibadilisha mambo. Wazazi wengi hulichukua swali la "Tumefika?" kama usumbufu, na dawa yake wanaitafuta kwenye kitu cha kumsahaulisha mtoto. Mimi nalisikia kama swali la kipimo. Mtu mzima akiambiwa zimebaki kilomita 300, mwili wake unajua ni muda gani. Mtoto wa miaka 7 hajui. "Bado kidogo" haimpi chochote cha kushika, na ikirudiwa mara kumi inageuka uongo, kama alivyosema mwenyewe. Kibanio chekundu kilimjibu bila mtu kufungua mdomo. Kati ya Mikumi na Morogoro, ambako ni mbali, alilalamika kwamba kibanio hakiendi, na kaka yake akaongeza alama ndogo katikati. Wazo hilo zuri lilitoka kwa mtoto mwenyewe.

Jambo la pili ni mwili. Kichefuchefu cha safari huja pale sikio la ndani linapohisi gari linapinda huku macho yakitazama kitu kilichotulia karibu na uso. Ubongo unapata habari mbili zinazopingana. Watoto wa kuanzia miaka 2 hadi 12 hivi ndio huathirika zaidi. Kwa hiyo tableti kwenye kona za Kitonga ilikuwa kama kumwalika mtoto atapike, na soda na mafuta ya chipsi vikaongeza. Kuhesabu kona kulifaulu kwa sababu kulimlazimu mtoto kutazama mbele, mbali. Baba alidhani anatafuta kimya tu, kumbe alikuwa anatibu pia.

Kuhusu skrini, sikubaliani na wanaoiona adui. Kosa la safari ya kwenda lilikuwa kuiweka mwanzoni, mtoto akiwa na nguvu zote na dirisha limejaa vitu. Ikawachosha mapema, na ilipokufa hapakuwa na kitu nyuma yake. Mwishoni, wakati wote wamechoka, ina msaada wa kweli, mradi imepakuliwa na kuchajiwa.

Ushindani wa hesabu ulikuwa kosa, nami ningewaonya wengine. Watoto wawili wenye tofauti ya miaka mitatu wakishindanishwa ndani ya chumba ambacho hakuna anayeweza kutoka, mdogo atashindwa na kulia. Vitendawili havikuleta shida hiyo, kwani anayeshindwa anatoa mji, na kutoa mji nako kuna heshima yake.

Udhaifu mkubwa wa mpango wote ulikuwa kumtegemea bibi. Alipolala, gari lilirudi kuwa gari. Ningeshauri wazazi wajifunze vitendawili vipya kumi kabla ya safari, au watunge vya kile kinachoonekana dirishani, kama bibi alivyofanya na mbuyu. Watoto wanatunga pia wakiombwa. Wa kati alitega chake Mbuyuni: "Amebeba nyumba za watu, anapanda mlima analia." Lilikuwa lori la Kitonga.

Kwa kitinda mimba, sina jibu zuri, na wazazi hawa hawana. Mabasi yalimfurahisha kama saa moja. Mtoto wa miaka 3 anahitaji kutembea, na saa 11 ni nyingi kwake hata mkisimama mara nyingi. Walisimama mara nne. Nadhani mara sita zingemfaa zaidi, fupi fupi, hata kama zingewafikisha jioni. Ambalo walifanya vizuri kabisa ni kutomtoa kwenye kiti alipolia. Nusu saa ya kilio ni nzito kwa mzazi, lakini kile kilichotokea kwenye tuta la Mikumi kilitosha kuwafundisha ni nini kingine kingeweza kutokea. Na namna baba alivyozungumza na bibi ndiyo iliyofungua mlango. Mkwe angelisema mwenyewe, maneno yaleyale, yangesikika kama kumfundisha mzee kulea.

Baada ya hapo

Bibi alirudi Iringa Februari kwa basi, peke yake. Boksi lilikuwa limeshatundikwa sebuleni, kibanio kikiwa Dar. Jioni ya siku ile wa kati aliporudi shuleni aliomba simu ya mama, akampigia.

"Bibi, shikamoo. Nipe mji."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nakupa Ilula, naiona hii hapa."

Alisogeza kibanio mpaka karibu na ukingo, akarudi nyuma kukitazama, kisha akamwambia mama yake, "Amebakiza sentimita nne na nusu."